Mgeni ni wa Jumapili Moja

Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ulianzia wapi, na sikuwahi kumuuliza, kwa sababu mwenyewe alichukia sana maswali ya namna hiyo. Kanisani kwetu Nyakahura tulimwita Mzee wa Kanisa, ingawa wazee wa kanisa walikuwa saba na sita kati yao wanaume. Ukisema "Mzee wa Kanisa kasema," kila mtu alijua ni yule mama mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani na raba za kiume miguuni. Wale wengine sita walitajwa kwa majina yao.

Naandika habari zake kwa sababu siku hizi nasikia anasifiwa vibaya. Wanasema alikuwa mama mpole, mnyenyekevu, mtu wa maneno matamu. Uongo mtupu. Alikuwa mkali na mbishi, na ulimi wake hata mchungaji aliuogopa. Upendo alikuwa nao, tena mwingi, lakini ulikuwa upendo wa kugombana, na wakimsafisha namna hii watatuachia mtu ambaye hakuwahi kukaa nasi.

Tuanze na benchi lake. Wazee wa kanisa walikuwa na benchi lao mbele, lenye mto wa kitambaa, wakitazamana na sisi wengine kama mahakimu. Yeye hakulikalia hata siku moja. Alikaa benchi la tatu kutoka mlangoni, na pembeni yake alitandaza kanga kuziba nafasi ya watu wawili. Mabinti wa kwaya waliochelewa wakijaribu kuketi hapo aliwafukuza kwa macho tu. Ile nafasi ilikuwa ya mtu anayeingia akiwa hajui pa kukaa. Akimwona mtu amesimama mlangoni, anaangaza huku na huku, anajifanya kutafuta kitu mfukoni, aliivuta kanga na kugonga ubao kwa kiganja. Mgeni alikaa. Ibada ikiisha alimshika mkono, akaitikia shikamoo yake, na hakuuachia ule mkono mpaka ajue jina, nyumba, na shamba liko upande gani.

Mahubiri aliyalala. Hili wanaomsifu hawalisemi. Kidevu kilishuka kifuani mara tu baada ya somo la pili, na kikapanda pale katibu aliposimama kusoma matangazo. Mchungaji mmoja kijana alithubutu kumsema kwa hilo mbele ya watu.

"Neno ni la Mungu, mwanangu," alimjibu. "Matangazo ndiyo yetu."

Alimaanisha. Ni kwenye matangazo ndipo tulipojua nani amelazwa, nani amefiwa, nani maharage yake yanaozea shambani kwa sababu mgongo umemshika. Yeye aliyasikiliza akihesabu kwa vidole, na Jumatatu asubuhi alikuwa njiani na jembe begani. Hakuwa mtu wa kwenda kumjulia mtu hali na kuketi kwenye kiti aandaliwe chai. Mtu akikosa kanisani Jumapili mbili, alimfuata shambani, akaingia kwenye tuta bila kuomba ruhusa, akalima naye mpaka mwisho wa mstari. Hapo ndipo aliuliza kulikoni. Aliamini kwamba mtu mwenye jembe mkononi hadanganyi sana, na nadhani kwa hilo alikuwa sahihi, maana mimi mwenyewe nimemwambia mambo mengi nikiwa nimeinama.

Ulikuwa na hasira zako naye? Alikutafuta wewe kwanza. Kulikuwa na familia ya Kisukuma iliyohamia kutoka upande wa Shinyanga na ng'ombe wengi. Jumamosi moja ng'ombe hao waliingia kwenye mihogo yake. Alimfuata baba mwenye ng'ombe hadi zizini na kumtukana matusi ambayo hayaandikiki. Kesho yake yule baba na mkewe walikuja kanisani kwa mara ya kwanza, wakamwona amekaa karibu na mlango, wakataka kugeuza. Akavuta kanga.

"Mayu, ng'ombe walinishinda," yule baba alisema kwa sauti ya chini. Kwao mayu ni mama.

"Ng'ombe tutawazungumza kesho. Leo kaa," akamjibu, akamkalisha hapo hapo, upande wa wanawake, watu wakabaki midomo wazi. Na kesho yake kweli waliwazungumza, tena kwa kelele. Baada ya mwezi alitaka kwaya iimbe walau wimbo mmoja kwa Kisukuma, lugha ambayo yeye mwenyewe hakuelewa hata neno, akasimama akiusikiliza kwa fahari kama ameutunga yeye.

Lakini huyu huyu aliyepatanisha nusu ya kata hakusalimiana na wifi yake kwa miaka yote niliyomfahamu. Kisa chenyewe ni mbuzi. Walisali kanisa moja, mmoja kaskazini, mwingine kusini, na wakati wa kupeana amani kila mmoja aligeukia ukuta wake. Nilipokuwa mkubwa kiasi cha kumtania, nilimuuliza inakuwaje anawakumbatia watu asiowajua na kumnunia ndugu.

"Mtu usiyemjua si kazi kumpenda," alisema. "Yule namjua."

Alicheka, kisha akainamia kanga yake akaikunja upya. Nafikiri lilimuuma kuliko alivyotaka nijue. Kwa hilo simtetei, na mbuzi mwenyewe alishakufa zamani.

Sasa nifike kwetu, maana bila habari hii ningekuwa sina haki ya kumwandika.

Mama yangu alivuka kutoka Burundi akiwa na watoto watatu, mimi nikiwa wa katikati. Tulipita kambini, kisha tukahangaika vijijini huko Nyantakara, mwisho tukapata kipande cha kulima Nyakahura, nyuma ya mnada. Baba hakufika. Mama alikuwa mtu wa kanisa hasa, aliyebatizwa mtoto na kuolewa kwa pete kanisani, na Jumapili ya kwanza alituogesha, akajifunga kitenge chake kimoja cha heshima, tukaenda. Kwenye matangazo katibu akasema, kama wanavyosema makanisa yote ya nchi hii, "Wageni wasimame." Tukasimama. Tukaimbiwa wimbo wa kukaribishwa, tukapigiwa makofi. Mama alifurahi mpaka machozi.

Baada ya ibada akaulizwa barua. Msomaji anayesali anajua: ukihama, kanisa ulikotoka linakuandikia barua ya utambulisho, yenye muhuri, ukaipeleke unakohamia ndipo uandikwe kwenye daftari la washirika. Mama hakuwa nayo. Kanisa lililombatiza lilikuwa ng'ambo ya mpaka, na mchungaji wa kule alikuwa amekimbia kama sisi, hakuna aliyejua amekimbilia wapi. Wakamwambia basi asubiri, suala lake litatazamwa.

Akasubiri. Na kwa kuwa hakuwa ameandikwa, na hakuna aliyemwambia vinginevyo, Jumapili iliyofuata waliposema wageni wasimame, mama alisimama tena. Na iliyofuata. Na iliyofuata. Kwa akili yake, ugeni si kitu mtu anajivua mwenyewe. Mwenye nyumba ndiye anakuambia sasa yatosha. Tulisimama msimu wa kupanda, tukasimama wakati wa palizi, tukasimama watu wakivuna. Wimbo ukafupishwa, makofi yakapungua mpaka yakabaki ya watu wawili watatu waliokuwa wakipiga huku wakitazama dirishani. Shuleni nilikuwa darasa la nne, na jina langu likawa Mgeni. "Mgeni, leta daftari." "Mgeni, zamu yako kuchota maji." Nilifika mahali nikawa nashika kitenge cha mama wakati wa matangazo, namvuta chini kwa nguvu zangu zote asinyanyuke. Alinyanyuka. Ninaona aibu hadi leo kwa namna nilivyomchukia zile Jumapili.

Lakini mama alikuwa na hesabu nyingine kichwani. Asiye kwenye daftari hana jumuiya. Zamu ya maombi ya nyumba kwa nyumba inaruka mlango wake. Hashiriki Meza ya Bwana. Na kubwa kuliko yote, akifa hakuna wa kumzika. Siku moja tukichambua maharage aliniambia, bila kuinua uso, "Mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kirundi, "nikifa leo, nani atakuja na jembe?" Sisi watatu wote hatukuwa na nguvu ya kuchimba hata shimo la ndizi.

Mzee wa Kanisa hakuwepo mwaka ule. Alikuwa Kibimba, huko Ngara, kwa binti yake aliyejifungua kwa shida. Aliporudi, Jumapili ya kwanza alitupigia makofi kama tulivyopigiwa na wote. Jumapili ya pili alitutazama. Ya tatu, tulipoinuka, alimuuliza mtu aliyekaa karibu naye kwa sauti ambayo kanisa zima lilisikia.

"Huyu mama ni mgeni tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, Mzee."

Alitoka kwenye benchi lake. Nakumbuka raba zake zikilia kwenye sakafu. Alikuja mpaka tulipokuwa tumesimama, akamwekea mama mkono begani.

"Jana umelala wapi?"

"Hapa hapa, Mzee. Nyuma ya mnada."

"Msimu huu umelima wapi?"

"Hapa hapa."

"Basi kaa chini. Mgeni ni wa Jumapili moja. Wewe unafanya nini umesimama?"

Mama alimtazama katibu. "Hawajaniambia nikae," akasema.

Yule mwanamke mkali, aliyewatoa jasho wenye ng'ombe na wachungaji, alifumba macho kama mtu aliyechomwa na mwiba. Kisha akaukandamiza ule mkono begani mpaka mama akaketi, nasi tukaketi. Akageukia mbele na kusema kwamba baada ya ibada hakuna mzee wa kanisa anayeondoka.

Kikao kilikaa mlango ukiwa wazi, nami nilikuwa nimeng'ang'ania kitenge cha mama. Mchungaji wa wakati huo hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba utaratibu unataka barua, kwamba watu wa kila namna wanavuka mpaka, kwamba akimpokea mmoja bila barua kesho watakuja kumi.

"Na wakija kumi?" aliuliza Mzee wa Kanisa.

Mchungaji alitazama daftari lililokuwa mezani.

"Haya. Utalatibu ni utalatibu," akasema, maana r na l hazikuwahi kupatana mdomoni mwake. "Balua inaandikwa na kanisa la alikotoka mtu, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Asubuhi hii huyu mama ametoka wapi?"

Mchungaji akasita. "Nyumbani kwake."

"Nyumbani kwake wapi?"

"Hapa... nyuma ya mnada."

"Basi kanisa la alikotoka ni hili. Katibu, fungua daftali, andika."

Na katibu, Mungu ambariki, aliandika. Yeye alisema, katibu akawa anafuata. Barua hiyo ninayo, imekunjwa ndani ya Biblia ya mama. Inasema kwamba sisi kanisa la Nyakahura tunamtambulisha dada yetu huyu kwenu kanisa la Nyakahura, tumekaa naye mwaka mzima, analima vizuri, watoto wake wana adabu, na tumemkalisha kwenye ugeni kwa makosa yetu wenyewe, mpokeeni. Ilipofika kwenye muhuri, mchungaji alicheka peke yake kwanza, kisha wote wakacheka, isipokuwa yeye. Alikuwa amenyoosha kidole kwenye karatasi kuonyesha mahali pa kugonga.

Jumatano ile jumuiya ilikuja kwetu. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja na hatukuwa na viti, kwa hiyo watu walikaa juu ya vitanda na wengine nje kwenye majani ya migomba, na yule baba wa ng'ombe alileta maziwa. Shuleni jina la Mgeni lilibaki mwezi mmoja hivi, kisha likafa lenyewe. Na mama alipoondoka, miaka mingi baadaye, walikuja watu na majembe kuliko nafasi ya kusimama. Mzee wa Kanisa alisimama ukingoni mwa kaburi akiwafokea vijana kwamba upande mmoja haujanyooka. Sijawahi kusikia fujo tamu kama ile.

Sasa mimi ndiye katibu wa jumuiya yetu. Nina cherehani barabarani, karibu na soko, nina watoto, na nina sehemu yangu kwenye benchi la tatu kutoka mlangoni. Kanga ni ya kwangu.

Yeye alikula chumvi nyingi, magoti yakamwacha, na mwaka juzi binti yake alikuja kumchukua akaishi naye Kibimba. Aliondoka kwa haraka, akiwa ananung'unika kuhusu mihogo yake, bila barua. Kanisa likaona aibu. Mtu aliyetulea hivyo, atapokelewaje huko bila karatasi? Tukamwandikia barua nzuri kuliko zote tulizowahi kuandika, ukurasa mzima na nusu, mchungaji akagonga muhuri mara mbili, nami nikatumwa kuipeleka.

Nilifika Jumamosi. Nilimkuta kwenye mkeka uani, amepungua, mikono imebaki mifupa, lakini zile raba zipo. Shikamoo yangu aliiitikia akiwa ameshaushika mkono wangu. Nikampa barua. Aliupapasa muhuri kwa kidole gumba, akaniambia nimsomee, akasikiliza mpaka mwisho bila kusinzia, jambo ambalo lilinitisha kidogo. Kisha akanirudishia.

"Imeandikwa vizuli. Ludi nayo."

"Mzee, hii ni yako. Bila hii hawakuandiki."

"Najua. Wameshaniambia."

"Sasa?"

"Kesho utaona," akasema, akaanza kuniuliza habari za wifi yake. Alitaka kujua kama anakula vizuri, nani anamchotea maji, kama paa lake lilizibwa. Niliporudia habari ya barua alijifanya kiziwi.

Kesho yake tulitembea taratibu kwenda kanisani, yeye na fimbo upande mmoja na bega langu upande mwingine. Lilikuwa kanisa zuri, lenye vigae chini na viti vya plastiki. Hakwenda mbele. Aliniongoza mpaka safu ya mwisho, ambako walikuwa wamekaa mwanamke mmoja mwembamba na watoto wawili, na wazee wawili mume na mke ambao walisalimiana kwa Kirundi. Wote walimwamkia kwa namna ya watu wanaomtegemea. Binti yake, aliyekuwa kwenye kwaya, alitutazama kutoka mbele kwa uso wa mtu aliyekwisha kubishana akashindwa.

Hapo ndipo nilipoelewa.

"Hawa hawana barua," nilimnong'oneza.

"Hawana. Na wa kuwaandikia hawana. Nimewaambia viongozi wafanye kama tulivyofanya kule kwetu, wanasema jambo hilo halijawahi kutokea." Aliguna. "Hata kule halikuwahi kutokea."

"Lakini wewe unayo, Mzee. Ipo kwenye mkoba wangu."

"Nikiitoa mimi, nitaandikwa, nitapewa jumuiya, nitakaa. Hawa watabaki wamesimama peke yao, kila Jumapili, mpaka watoto wao wawachukie." Hakunitazama aliposema hivyo, na sikuwahi kumwambia habari ya kitenge. "Ngoja wachoke wao kunipigia makofi. Mimi sichoki. Mama yako alinifundisha."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, nikashindwa vyote. Mahubiri yalianza. Kidevu chake kikashuka kifuani kama zamani, na kwa muda wa nusu saa niliushika mkono wake nikisikia akikoroma kidogo kidogo.

Katibu wa kule ni kijana nadhifu, anasoma matangazo kwenye simu. Alisoma ya wagonjwa, ya vikundi, ya kwaya ya vijana. Kidevu kikainuka. Kisha akasita, akatazama safu ya mwisho, na nikaona mabega yake yakishuka.

"Wageni wasimame."

Mwanamke mwembamba alisimama na watoto wake. Wale wazee wawili wakasimama. Mzee wa Kanisa aliipiga fimbo yake chini, akajisukuma, magoti yakagoma, nikamshika kwapani akainuka mzima mzima, na mimi nikainuka naye, mgeni halali wa Jumapili moja, mkoba wenye barua nikiwa nimeubana ubavuni. Nilitazama mbele sawasawa, kama mama alivyokuwa akitazama. Watu waligeuka. Safu ya katikati, mama mmoja ambaye simjui aliacha kupiga makofi, akawa anatutazama tu, kisha akamnong'oneza mumewe neno.

Yule kijana aliishusha simu.

"Mama," alisema, taratibu, karibu kwa kuomba, "na leo tena?"

"Na leo tena."